Sura ya Nne: Ini la Kitanda cha Kumi

"Mlikuwa wapi siku zote hizi?"

Yeyote aliyewahi kumkimbiza mtoto hospitali usiku analijua swali hili, na anaijua hata sauti yake: kavu, ya haraka, isiyongoja jibu. Mama ameshuka kwenye bodaboda na mtoto kamfunga kanga, mwili unawaka, macho yamegeuka. Homa ina siku nne. Siku ya kwanza alinunua panado dukani, ya pili akamsubiri baba arudi na hela, ya tatu bibi akasema degedege hii si ya hospitali. Sasa amefika, na neno la kwanza analopokelewa nalo ni lawama. Anainamisha kichwa. Anapoulizwa amempa mtoto dawa gani, anasema hajampa kitu, maana ameshaona kuwa jibu lolote litazaa maneno mengine. Muuguzi anaandika kwenye faili kwamba hakuna dawa iliyotumika kabla. Faili limeanza na uongo, na daktari atakayeitwa saa sita usiku atapanga dozi kwa kuutegemea uongo huo.

Swali lile lina pande mbili, na sisi huwa tunasimulia mmoja. Upande wa mama unajulikana. Magazeti yameuandika, redio zimepigiwa simu, na wanasiasa wamepigiwa makofi kwa kuukemea. Upande wa pili ni wa aliyeuliza. Ni saa nne usiku, yuko na mhudumu mmoja katika wodi ya watoto thelathini na kitu, na kwa uzoefu wake ameona, kabla hajapima chochote, kwamba mtoto huyu huenda asifike asubuhi. Akifa, atafia katika zamu yake. Yeye ndiye atakayemwita mama pembeni, yeye ndiye atakayemwandaa marehemu, yeye ndiye atakayeulizwa kikaoni kwa nini dripu ilichelewa. Swali lake lina hasira, na chini ya hasira kuna hofu. Chuoni walimfundisha kuutafuta mshipa wa mtoto aliyekaukiwa maji. Kuhusu hofu yake mwenyewe aliambiwa neno moja tu: jikaze.

Sura hii inahusu kile kilichofichwa na neno hilo.

Mwaka 1990 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, walichapisha makala juu ya kile walichokiita akili ya hisia: uwezo wa mtu kuzitambua hisia zake na za wenzake, kuzielewa, na kuziongoza badala ya kuongozwa nazo. Miaka mitano baadaye Daniel Goleman aliligeuza wazo hilo kuwa kitabu kilichouzwa dunia nzima, na tangu hapo halijapumzika. Limeingia kwenye usaili wa kazi, kwenye semina za mahotelini, na kwenye hospitali. Watafiti wa Iran, Uturuki na kwingineko wamewapa wauguzi madodoso mawili kwa pamoja, moja la ujuzi wa hisia na jingine la ubora wa maisha kazini, yaani mshahara, usalama, zamu, heshima, nafasi ya kupanda daraja, muda wa kuwa na familia. Mara nyingi alama za madodoso hayo mawili hupanda na kushuka pamoja. Na mara nyingi hitimisho ni lile lile: wauguzi wapewe mafunzo ya hisia, kazi itawapendeza.

Haraka ya nini? Dodoso lililojazwa siku moja haliwezi kusema lipi lilitangulia. Muuguzi aliyelala vya kutosha, aliyelipwa kwa wakati, ambaye msimamizi wake humsikiliza, ataonekana mwenye hekima ya hisia kwenye karatasi yoyote utakayompa. Mhamishie wodi ambako yuko peke yake usiku, malimbikizo yake ya mshahara hayajulikani yaliko, na glavu zimeisha tangu Jumanne, kisha mpe karatasi ile ile. Utaandika kwamba anahitaji semina.

Sina ugomvi na ujuzi wa hisia wenyewe. Mbele tutaona unavyookoa kazi na pengine uhai. Ugomvi wangu ni na dhana kwamba unakaa ndani ya mtu mmoja mmoja, huyu anao na yule hana. Ukikaa wodini muda wa kutosha utaona kwamba namna ya kuhisi, na hasa namna ya kutohisi, ni jambo la wodi nzima. Mgeni hufundishwa, kama anavyofundishwa mahali pa kuweka ndoo.

Aliyeliona jambo hili mapema kuliko wengi ni Isabel Menzies, mtaalamu wa uchambuzi wa nafsi aliyekuwa akifanya kazi na Taasisi ya Tavistock, London. Mwishoni mwa miaka ya 1950 hospitali moja kubwa ya kufundishia jijini humo iliomba msaada kwa tatizo lililoonekana la kiutawala tu: jinsi ya kuwapangia wauguzi wanafunzi zamu za wodini bila kuvuruga masomo yao. Menzies alipoanza kuzungumza nao alikuta kitu kingine. Watu walikuwa na wasiwasi mkubwa kiasi kwamba hakuelewa kazi inaendeleaje. Karibu theluthi moja ya wanafunzi walikuwa wakiacha bila kumaliza mafunzo.

Ripoti yake ilichapishwa mwaka 1960, na ukiisoma leo katika hospitali ya rufaa popote Afrika Mashariki utadhani aliandika jana. Alieleza kwamba kazi ya uuguzi ina mambo ambayo binadamu wa kawaida huyakimbia: kugusa kinyesi na usaha, kumvua nguo mtu mzima usiyemjua, kumwosha anayekufa huku mwanawe anakutazama. Mambo hayo huamsha huruma, kinyaa, hofu, hasira, hata wivu kwa mgonjwa anayehudumiwa hivyo. Kwa kuwa hospitali haikuwa na mahali pa kuyazungumzia, ilikuwa imejijenga yenyewe, bila mtu yeyote kukusudia, ili muuguzi asiyahisi.

Ilifanyaje? Kwanza ilimkatakata mgonjwa. Muuguzi mmoja hakupewa wagonjwa wachache awahudumie kwa kila kitu. Alipewa kazi moja aifanye kwa wodi nzima. Huyu apime joto la wote, yule agawe mabakuli kwa wote, mwingine atandike vitanda vyote. Dakika mbili kwa mgonjwa hazitoshi kumzoea mtu. Pili, ilimfuta jina. Mgonjwa aliitwa kwa kitanda chake na ugonjwa wake, ndiyo maana Menzies alikuta watu wanazungumza juu ya ini la kitanda cha kumi, au nimonia ya kitanda cha kumi na tano. Tatu, iligeuza kila kitu kuwa desturi isiyoulizwa: wagonjwa waliamshwa alfajiri wanawe uso, hata wale ambao usingizi ungewafaa zaidi. Nne, wanafunzi walihamishwa wodi moja kwenda nyingine mara kwa mara, na aliyelalamika kuwa amewazoea wagonjwa wake alionekana hajakomaa kitaaluma.

Mambo haya yote yalipunguza maumivu ya siku ile. Menzies hakubisha hilo. Alichogundua ni gharama yake. Wasiwasi uliofukuzwa mlangoni ulirudi kupitia dirishani: wauguzi hawakuamini uamuzi wao wenyewe, kila jambo dogo lilipelekwa kwa mkubwa, na raha ya kumwona mtu uliyemuuguza akipona ilikuwa imepotea, kwa sababu hakuna aliyemuuguza mtu mzima, kila mmoja alikuwa ameuguza kipande. Halafu kuna jambo ambalo wakuu wa hospitali walipaswa kukosa usingizi kwa ajili yake. Miongoni mwa waliokuwa wakiacha mafunzo walikuwamo wengi wa wale bora, waliokomaa zaidi. Aliyebaki ni aliyeweza kuota sugu.

Nairobi, miaka zaidi ya hamsini baadaye. Kuanzia Januari 2015, Jacob McKnight na wenzake waliokuwa wakishirikiana na mpango wa utafiti wa KEMRI, yaani taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust walifuatilia kwa miezi 18 vitengo vitatu vya watoto wachanga wagonjwa jijini humo. Walikaa saa 250 wakitazama tu, bila kushika kazi, na wakafanya mahojiano 32. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2020, yaliichukua hoja ya Menzies na kuipeleka mahali pagumu kuliko London. Muuguzi mmoja aliweza kujikuta na watoto 40.

Tusiipite namba hiyo upesi. Uingereza, mtoto mchanga aliye mahututi hupangiwa muuguzi wake peke yake, na wale wenye nafuu huwa wanne kwa muuguzi mmoja. Sasa chukua kazi moja tu ya kitengo hicho, kulisha. Mtoto aliyezaliwa njiti mara nyingi hawezi kunyonya. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hupitishwa kwenye mrija puani, kila baada ya saa tatu. Kwa zamu ya saa 12, watoto 40 wanahitaji kulishwa mara 160. Mpe muuguzi dakika kumi kwa kila mlo, kuhakikisha mrija uko tumboni na haujaingia kwenye njia ya hewa, kumimina taratibu, kuandika. Ni dakika 1,600, sawa na saa 26 na dakika 40. Hajachoma sindano hata moja, hajapokea mtoto mpya, hajaenda msalani.

Kwa hiyo anafanyaje? Anafanya wanachofanya wote. Watoto hupangwa kimoyomoyo, bila kuandikwa popote: huyu mama yake anaweza kumwangalia, huyu anahitaji dawa kwa saa na jicho la karibu, huyu mwingine kila mtu anajua na hakuna anayesema. Kazi husawazishwa kati ya zamu na zamu, kwa maelewano yasiyo kwenye karatasi. Huduma hufuata mzunguko ule ule kila siku, na mzunguko huo hushikiliwa hata pale mtoto mmoja anapohitaji kitu nje yake, kwa sababu ukiuvunja kwa mmoja, thelathini na tisa watakuwa wamekosa. Na wauguzi hulegezeana: leo wewe umechelewa, kesho mimi, hakuna kuripotiana.

Watafiti hawakukuta watu wasio na moyo. Walikuta watu wanaotakiwa kufanya lisilowezekana, ambao kwa pamoja wametengeneza njia ya kurudi kazini kesho. Kuna maarifa mengi katika njia hiyo, na sipendi kuona wataalamu wa semina wakiiita tabia mbaya. Lakini ina mwathirika, naye ni yule mtoto wa kundi la tatu, ambaye pengine hakustahili kuwekwa huko. Ina mwathirika wa pili pia. Mwanafalsafa wa Marekani Andrew Jameton, akiandika juu ya wauguzi mwaka 1984, alieleza dhiki ya anayejua vizuri lililo sahihi lakini mpangilio wa kazi haumruhusu kulitenda. Inatofautiana na huzuni. Huzuni hutulia, hii hubaki kama deni, na hutoka kwa milango isiyo yake, kama vile swali la "Mlikuwa wapi?"

Hapo ndipo ujuzi wa hisia unapohitajika, na mfano ninaouheshimu kuliko mingi umetoka Kilifi. Ane Haaland, mtaalamu wa mawasiliano kutoka Norway, na Mwanamvua Boga, muuguzi wa Kilifi mwenyewe, wamejenga kwa miaka mingi mafunzo ya mawasiliano na umahiri wa hisia kwa wahudumu wa afya, kisha wakayaandikia kitabu kilichotoka mwaka 2020. Sifa ya mafunzo hayo ni kwamba hayaanzi na mhadhara. Huchukua miezi, na sehemu kubwa hufanyika wodini, kazini, katika siku ya kawaida. Mshiriki hupewa kazi ya kujitazama kwanza: nini kinanikera, mwili wangu unafanya nini kabla sijafungua mdomo, najibuje, na mgonjwa anabadilikaje baada ya jibu langu. Warsha huja baadaye, watu wakiwa tayari na mambo yao wenyewe ya kuzungumza. Msingi wake ni kulikamata jibu linalotoka lenyewe, kurudi nyuma hatua moja, kisha kuchagua.

Maelezo hayo yanaweza kusikika mepesi. Turudi kwa mama wa homa ya siku nne tuone uzito wake. Muuguzi aliyejizoeza anasikia kifua kimebana na swali limeshafika kwenye ulimi. Analitambua: hii ni hofu, mtoto huyu ananitisha. Hachukui dakika tatu kutafakari. Inachukua muda wa kunyanyua kipimajoto. Kisha anasema, "Pole mama. Hebu nieleze ilivyoanza, hata kama mlimpa dawa ya kienyeji niambie, itanisaidia." Mama anataja panado, anataja majani aliyochemsha bibi, anataja sindano aliyochomwa mtoto kwenye duka la dawa juzi jioni ambayo hajui ni ya nini. Sindano hiyo ndiyo habari iliyokuwa inatafutwa. Upole umefanya kazi ya kitabibu, ile ile inayofanywa na maabara, tena bure.

Ninasisitiza hapo kwa sababu wengi hudhani ujuzi wa hisia ni adabu ya mapokezi. Hospitali nyingi zimebandika ukutani matangazo ya kuwataka watumishi watabasamu. Mwanasosholojia Arlie Hochschild, katika kitabu chake cha mwaka 1983 juu ya wahudumu wa ndege wa Marekani, alitenganisha mambo mawili yanayofanana kwa macho. Kuna kuuvaa uso usio wako, moyo ukiwa mahali pengine. Na kuna kufanya kazi ndani, mpaka unamwona abiria msumbufu kama mtu anayeogopa kuruka. La kwanza linachosha, na tafiti nyingi zilizofuata zimelihusisha na kuungua kazini, yaani kuchoshwa na kazi hadi nguvu na moyo vinaisha. Tangazo la ukutani linadai la kwanza. Kilifi wanafundisha la pili. Na la pili, hata likifundishwa vizuri namna gani, lina sharti: muuguzi awe na nafasi ya kumtazama mtu aliye mbele yake.

Nafasi hiyo inahesabika. Mwaka 2002 Linda Aiken wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 168 za jimbo hilo, wauguzi zaidi ya 10,000 na wagonjwa wa upasuaji zaidi ya 230,000. Kila mgonjwa mmoja wa ziada aliyeongezwa kwa muuguzi mmoja aliandamana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 za kulazwa. Hiyo ndiyo namba inayonukuliwa sana. Namba mbili zilizo pembeni yake hunukuliwa kwa nadra: uwezekano wa muuguzi kuungua kazini ulipanda kwa asilimia 23, na wa kutoridhika na kazi kwa asilimia 15. Vifo na uchovu vilikuwa vikipanda ngazi moja. California, ambayo ilikuwa imeshapitisha sheria ya kuweka ukomo wa idadi ya wagonjwa kwa muuguzi, ilianza kuitekeleza mwaka 2004. Hakuna aliyehoji kama wauguzi wa California wana akili ya hisia ya kutosha kustahili sheria hiyo.

Shirika la Afya Duniani nalo, lilipoiingiza hali ya kuungua kazini kwenye toleo jipya la orodha yake ya magonjwa mwaka 2019, halikuiita ugonjwa. Liliieleza kuwa ni tokeo la msongo wa muda mrefu wa kazini ambao haukushughulikiwa: nguvu kwisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na ufanisi kupungua. Kile cha pili, moyo kujitenga, ni ini la kitanda cha kumi kwa jina la kisasa.

Ndiyo maana najizuia kucheka ninapoona kiongozi anaingia hospitalini na kamera, anasikiliza malalamiko ya ndugu wawili watatu wa wagonjwa, kisha anamsimamisha kazi muuguzi wa zamu pale pale mbele ya wagonjwa wake. Makofi hupigwa. Siku inayofuata, wenzake wote wanaandika kila kitu kwa uangalifu mkubwa, hawagusi kisichowahusu, hawamwambii ndugu neno lisilo na shahidi. Sugu imeongezeka unene.

Kulikuwa na njia nyingine, na ilijaribiwa Tanga. Mradi wa Staha, ulioendeshwa katika wilaya za Korogwe na Muheza na watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na Chuo Kikuu cha Columbia, ulihusu wanawake wanaotukanwa, kupigwa au kutelekezwa wakati wa kujifungua. Tatizo si dogo. Mradi ndugu wa Kenya ulioitwa Heshima ulikuta mwanamke mmoja kati ya watano katika vituo 13 akisema alitendewa isivyofaa. Tanga walikaa wananchi na watumishi pamoja wakaandika mkataba wa huduma, wenye haki na wajibu wa pande zote mbili, halafu wauguzi wa wodi ya wazazi wenyewe wakachagua nini kibadilike pale kwao. Mengi waliyoyachagua yalikuwa madogo, kama vile faragha: mama apokelewe mahali ambapo wapita njia hawamsikii, na kuwe na mapazia. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017, uwezekano wa mwanamke kusema ametendewa vibaya ulipungua kwa asilimia 66 kulinganisha na hospitali ambayo haikuingia kwenye mradi.

Mtu anaweza kuuliza pazia lina uhusiano gani na hisia za muuguzi. Mkunga anayemhudumia mwanamke aliye uchi mbele ya watu ishirini anashiriki aibu ile kila saa, atake asitake. Atajikinga. Mpe pazia, na kitu kimoja cha kujikinga nacho kimeondoka.

Kuna mtu mmoja wodini ambaye bado sijamtaja, na pengine ana nguvu kuliko mkataba na semina. Mwanazuoni wa uuguzi wa Uingereza Pam Smith, ambaye aliwafuatilia wauguzi wanafunzi na kuandika kitabu mwaka 1992, alionyesha kuwa hali ya hisia ya wodi huwekwa na sista anayeisimamia. Akiwajali wauguzi wake, wao huona kwamba kujali ni sehemu ya kazi. Akiwabeza, wanajifunza kubeza. Huku kwetu tunamjua vizuri. Ni yule ambaye baada ya kifo cha saa tisa usiku humwambia muuguzi kijana, "Nenda kanywe chai, nitashika mimi," badala ya kumtuma kitanda kinachofuata. Chai hiyo haimo kwenye mwongozo wowote wa wizara, na sista mwenyewe huinunua kwa hela yake. Tunampandisha cheo kwa miaka ya kazi na vyeti vya semina, halafu tunashangaa wodi mbili za jengo moja zinavyotofautiana.

Boston walijaribu kuifanya chai hiyo iwe ya hospitali nzima. Kenneth Schwartz alikuwa mwanasheria aliyepatwa na saratani ya mapafu. Kabla ya kufa mwaka 1995, akiwa na miaka 40 tu, aliandika gazetini jinsi wema mdogo mdogo wa waliomhudumia ulivyomwezesha kuyabeba yasiyobebeka. Kituo kilichoanzishwa kwa jina lake kikaanzisha vikao katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mwaka 1997: saa moja, watumishi wa ngazi zote chumba kimoja, wawili watatu wanasimulia kisa kilichowagusa, wengine wanasikiliza. Hakitafutwi kisababishi wala mkosaji. Uingereza ilivipokea mwaka 2009, na tathmini kubwa ya huko ilikuta kwamba miongoni mwa waliohudhuria mara kwa mara, idadi ya wenye dalili za dhiki ya akili ilipungua karibu nusu. Tathmini hiyo hiyo ilikuta kasoro moja. Waliopata shida kubwa kuhudhuria walikuwa wauguzi wa wodini. Hakukuwa na wa kuwaachia wagonjwa.

Kwa hiyo tunarudi kwenye watu na fedha, na hapo Kenya imeshatoa somo lake. Kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Novemba 2017, karibu miezi mitano, wauguzi wa hospitali za umma waligoma kudai makubaliano yao ya pamoja ya malipo yatekelezwe. Vitanda vilibaki vitupu kaunti kwa kaunti. Wakati ule ilisemwa sana kwamba wauguzi wamepoteza wito, na waliosema hivyo hawakuwa wakiishi kwa wito wao wenyewe.

Hata hivyo, anayedhani kwamba kuajiri peke yake kutatosha naye arudi kwa watafiti wa Nairobi, kwa sababu walimaliza na angalizo lisilopendeza upande wowote. Hata nguvu zinazozaa msongo zikipunguzwa, walionya, muundo wa kazi uliojengwa chini ya msongo huo unaweza kuendelea. Kaunti ikiajiri wauguzi kumi kesho, hao kumi watapokelewa na waliopo. Katika wiki ya kwanza wataonyeshwa mzunguko, wataonyeshwa nani aachiwe mama yake, wataambiwa kwa sauti ya chini ni kitanda gani kisiwapotezee muda. Wataambiwa na watu wema, kwa nia ya kuwasaidia wamudu kazi. Idadi ya watoto kwa muuguzi itakuwa imeshuka kwenye ripoti ya kaunti, na mzunguko utaendelea kama ulivyo, mpaka mtu mwenye mamlaka juu ya ratiba ya zamu aamue kugawa watoto badala ya kugawa kazi: huyu na wale watano, kwa majina, kuanzia kulishwa hadi kukabidhiwa zamu. Menzies aliwaeleza wakuu wa hospitali ya London mambo ya aina hiyo. Mabadiliko waliyoyakubali yalikuwa madogo, na yaligusa zaidi jinsi ya kuwapanga wanafunzi wodini, yaani lile lile tatizo la ratiba walilomwitia.